Fundi wa Chuma na Kombi ya Mama Mkongo

Mtaani kwetu Arua tulikuwa mafundi wawili, mimi na yeye, na watu walipochoka kuulizana "fundi yupi?" wakatugawanya. Mimi nikawa Fundi wa Nguo, yeye akawa Fundi wa Chuma. Cherehani yangu ilikaa kibarazani. Gereji yake ilikuwa uwanja tu, udongo wake mweusi kwa oili, upande wa pili wa ua wa matete, na ua huo ulikuwa na tundu ambalo hakuna aliyejisumbua kuliziba. Kupitia hapo tuliazimana moto, chumvi, mkasi na maneno. Hivyo ndivyo nilivyomjua, tangu mwaka ule serikali ilipopinduliwa mpaka mwaka ambao sote tulikimbia. Sikupata kujua wazazi wake walizikwa wapi, na yeye hakuniuliza hata siku moja mume wangu alikwenda wapi. Tulikuwa majirani wazuri.

Alikuwa mrefu, mgongo umeanza kukunjika kwa kuinamia boneti. Gari likiingia uwanjani hakumsalimia mwenye gari. Alisimama palepale alipo, kichwa kimeinama upande, akasikiliza mpaka injini izimwe. Hapo ndipo alipokuja kukunyooshea kifundo cha mkono, kwa sababu kiganja kilikuwa na grisi, na kukuuliza kwa Kilugbara "Mi ngoni?", yaani hujambo, kama vile umefika sasa hivi. Wakubwa waliokuwa wakiteremka na magari yao kutoka Arua Hill hawakulipenda jambo hilo. Mmoja alimwambia kwamba mtu huja kwanza, gari baadaye. Fundi alimjibu kwa adabu kabisa kwamba yeye mkubwa anaweza kueleza anaumwa wapi, ila gari lake haliwezi.

Sikio hilo la injini lilikuwa maarufu hadi Koboko. Lakini Jumapili, akiwa na shati lake jeupe na kucha zilizosuguliwa kwa majivu, alikuwa anaimba kanisani mpaka wanakwaya wanapoteza njia. Mwalimu wa kwaya alimweka mwisho wa mstari, karibu na dirisha, kwa matumaini kwamba sauti itatoka nje. Wala hakuwa dereva mzuri. Aliweza kuifungua injini yote na kuirudisha, lakini mpe usukani arudi nyuma hatua chache tu, ataiangusha meza ya mwuza samaki. Aliiangusha kweli. Alishuka, akaokota samaki mmoja mmoja, akawafuta vumbi kwa shati lake, na tangu siku hiyo akimaliza kazi alimwita mwenye gari aje kulitoa mwenyewe.

Alikuwa bahili wa boliti. Alizipanga katika makopo ya maziwa kwa ukubwa wake, na ukimwomba moja anakutazama kana kwamba umemwomba jino. Ila chakula chake hakikuwa chake. Mtu yeyote aliyepita saa ya mchana, hata mwendawazimu wa sokoni, alikuta muhogo na maharage na nafasi ya kukaa juu ya tairi. Ulimi wake ulikuwa mkali kwa madereva. "Wewe naendesha gari kama naua nyoka," alimwambia mmoja mbele yangu, na yule dereva, mtu mzima mwenye watoto, aliinamisha macho.

Wahindi walipoondoka, duka la vipuri lilipewa mtu ambaye hakujua beringi ni nini. Aliuza kila kitu kwa kukikadiria ukubwa wake, kama viazi, na baada ya muda mfupi rafu zilibaki na vumbi na kalenda. Sabuni ikapotea, sukari ikapotea, na oili ya injini ikawa kitu cha kunong'onezana. Hapo Fundi ndipo alipozidi kuvuma. Alikata gasketi kutoka kwenye kadibodi na ngozi ya ng'ombe. Alichemsha plagi. Alitengeneza pini kwa misumari. Watu walisema Fundi wa Chuma hashindwi, na mwanzoni aliwakatalia kwa mkono, kama mtu afukuzaye inzi. Baadaye nikaona hawakatalii tena. Sidhani kwamba aligeuka mwenye kiburi. Nadhani alizoea tu kuwa mtu mwenye jibu, na mtu akizoea hivyo, siku asipokuwa na jibu atatafuta chochote kilicho karibu.

Na siku hiyo ilikuja na kombi ya Mama Mkongo.

Mama Mkongo alikuwa mfanyabiashara aliyetoka ng'ambo ya mpaka na mabunda yake ya vitenge, akakaa, akawa mtu wa Arua. Alikuwa mjane, mwenye kicheko kikubwa, na alivaa kilemba ambacho mimi ndimi niliyekipinda upindo. Kombi aliinunua kuukuu, kutoka kwa familia iliyokuwa ikifunga virago. Injini yake ilikuwa katikati ya viti viwili vya mbele, chini ya kifuniko cha bati, na abiria wa mbele alisafiri kama mtu aliyeketi kando ya jiko. Ilichukua watu na vitenge kutoka Arua kwenda Koboko, na siku nyingine ikaendelea hadi Kuluba kwa wakulima, ikarudi na karanga, mtama na kuku. Dereva wake alikuwa mtu wa Logiri, mkimya, mwenye tabia ya kufunga vifungo vyote vya shati hata jua likiwaka.

Asubuhi hiyo kombi iliingia uwanjani ikigonga. Hata mimi niliisikia juu ya mlio wa cherehani, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha mlango bila matumaini ya kufunguliwa. Fundi alisimama, kichwa upande. Akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye injini na mpini kwenye sikio. Akachomoa waya za plagi, moja baada ya nyingine, huku injini ikinguruma. Kwenye silinda ya tatu mlio ulipungua kidogo, akairudisha waya, akaichomoa tena. Alikaa akifikiri. Kisha akamwambia Mama Mkongo kwamba ni valvu, zimelegea. Akazikaza, akatia oili nzito aliyokuwa ameificha, na ule mlio ukapungua mpaka ukawa kama mtu anayebisha kwa kucha. Mama Mkongo alicheka kwa furaha. Dereva alibaki amesimama akiitazama injini, akataka kusema neno, kisha akaingia kwenye kombi.

Majuma kadhaa baadaye nilipanda kombi hiyo mwenyewe. Nilikuwa na sare za shule, bunda zima, nazipeleka Kuluba. Tulifika Koboko salama. Hapo dereva aliinua kifuniko, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakitumbukiza tena, akakitazama kwenye jua. Niliona kwa macho yangu kimelowa mpaka kwenye alama. Tukaendelea. Tulipokuwa tunapanda kilima upande wa Kuluba, mlio ulirudi, na haukuwa wa kucha tena. Dereva aliondoa mguu kwenye mafuta. Palepale kitu kilipasuka chini ya kifuniko, kombi ikatetemeka, na moshi ukajaa. Aliielekeza kwenye majani ya kando, taratibu, akatuambia tushuke. Nyuma yetu barabarani kulikuwa na mstari mrefu wa oili, na katikati yake kipande cha chuma bado cha moto.

Huo ndio ugonjwa ambao mafundi huuita kutoa mkono. Konrodi, yaani ule mkono unaosukuma pistoni, ulikuwa umekatika na kutoboa ubavu wa injini. Tundu lilikuwa kubwa kama kiganja changu.

Lori la wanajeshi lilipita, likasimama. Siku hizo gari lililoharibika halikuwa bahati mbaya tu. Kulikuwa na jina la mtu anayeharibu vyombo vya usafiri, adui wa uchumi, na jina hilo likishamshika mtu halikumwacha kirahisi. Koplo mmoja alishuka, akachomoa kijiti cha oili. Kilikuwa kikavu. Bila shaka kilikuwa kikavu, oili yote ilikuwa imemwagika barabarani. Lakini koplo alikiinua mbele ya abiria wote, akasema dereva huyu ameua injini kwa kuiendesha bila oili. Dereva alisema alipima Koboko. Mimi nikasema niliona. Koplo aliniambia nishike vitambaa vyangu. Waliifunga kombi kamba nyuma ya lori, wakaivuta mpaka Koboko, dereva akiwa amekaa sakafuni kati ya buti zao.

Niliwapa abiria wa Kuluba zile sare wazifikishe, nikapata lori la muhogo, nikarudi Arua kabla jua halijazama. Nilikwenda kwanza kwa Mama Mkongo, kisha nikapita kwenye tundu la ua. Fundi alinisikiliza hadi mwisho. Aliniuliza jambo moja tu: mlio uliorudi pale kilimani ulikuwa mwepesi au mzito? Nikamwambia mzito. Akaweka chini spana aliyoishika, wala hakuiweka kwenye kopo lake.

Kesho yake asubuhi tulikwenda Koboko sisi watatu. Kombi ilikuwa nje ya lango la kambi, karibu na soko, na dereva alikuwa amekaa chini mbele yake bila shati. Mama Mkongo njia nzima alikuwa amemlaani, na alipomwona akaanza upya, kwamba amemwamini kama mdogo wake na yeye amemwulia motoka. Watu wa soko walikuwa wamekusanyika kwa mbali, ule umbali ambao watu walijifunza kusimama miaka ile.

Fundi hakumsalimia mtu. Aliingia chini ya kombi kwa mgongo, akafungua bakuli la oili, na kwa muda mrefu tuliona miguu yake tu. Alipotoka alikuwa na kipande kidogo kilichopinda kama ukucha. Kilikuwa nusu ya beringi ya ile silinda ya tatu, lile ganda la chuma ambalo konrodi huzungukia, imeliwa hadi kuwa nyembamba kama karatasi, na rangi yake imekuwa ya buluu kwa joto. Alikaa kando ya gurudumu akikigeuzageuza.

Nilichutama karibu naye. Nilimnong'oneza aseme tu kwamba chuma kilizeeka, Mungu hakukipa maisha marefu, na jambo liishe. Alitikisa kichwa. Alisema wakishasikia hivyo watauliza kwa nini kijiti kilikuwa kikavu, na mtu wa Logiri atalala kambini.

Akasimama, akamwendea koplo, akamwonyesha kile kipande juu ya kiganja.

"Afande, huyu mutu hana makosa. Hii beringi haikukufa jana. Ilianza kukufa zamani. Kombi ilikuja kwangu, ilikuwa nagonga, mimi nasikia. Mimi nikasema iko valvu. Haikuwa valvu. Makosa iko yangu."

Koplo alimtazama kana kwamba hajamsikia vizuri. Akamwuliza kama anajua anachosema. Fundi akasema anajua.

"Sasa kwa nini ulisema valvu?"

Fundi alikigeuza kile kipande kiganjani. Nilimwona akitafuta maneno kama anavyotafuta boliti kwenye kopo.

"Dawa ya valvu nilikuwa nayo," akasema. "Dawa ya beringi haikuwa hapa Arua. Basi nilichagua ugonjwa ile dawa yake niko nayo."

Katika miaka yote ile sikupata kumwona mtu mwingine, mkubwa wala mdogo, akisimama mbele ya bunduki na kusema kosa ni langu. Wenye vyeo walimtupia aliye chini yao, na aliye chini alimtupia asiyekuwepo. Watu wa soko walitazama ardhi. Koplo naye nadhani hakujua la kufanya, kwa maana hakuwa amefundishwa jibu la maneno hayo. Akamwamuru dereva avae shati lake, akamchukua Fundi, wakaingia naye ndani ya lango.

Tulikaa pembeni ya soko kungoja. Mama Mkongo akanunua maji kwa mwuza maji, akamnywesha dereva kwa mkono wake mwenyewe, akashika kibuyu mpaka akamaliza. Dereva alifunga vifungo vyake, kimoja kimoja, hadi cha shingoni. Hakuna aliyesema twende.

Jua lilipopungua ukali, Fundi alitoka. Alikuwa anatembea vizuri. Alituambia kwamba mkubwa wa ndani hakupiga kelele, alimwuliza tu kama kombi hiyo inaweza kutembea tena, kwa sababu watu wa Kuluba na hata wake wa askari hawana gari jingine. Yeye alijibu inaweza. Mkubwa akasema basi itembee, na isipotembea, wao wanajua gereji iko wapi.

Tukiwa juu ya lori la kurudi, nilimwuliza kama ni kweli inaweza.

"Sijui bado," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema maneno hayo. Baadaye niliyasikia mara nyingi, na yakawa ndiyo maneno niliyoyapenda zaidi kutoka kwake.

Kombi ililetwa uwanjani kwa kuvutwa. Wapita njia walisimama kwenye ua wakasema hiyo ni ya kukatwa masufuria. Mama Mkongo aliwafukuza. "Bantu banasema motoka iko kufa," aliniambia. "Miye sijasema." Akafunga mzigo wake, akavuka mpaka kwenda kutafuta beringi, na hatukujua atarudi lini.

Dereva alikuja kila siku kwa sababu Mama Mkongo alimwagiza. Mwanzoni alikaa mbali, juu ya tairi, mikono magotini, hamsemeshi Fundi wala Fundi hamsemeshi. Waliishusha injini pamoja kwa mnyororo na gogo, wakiashiriana kwa kidevu. Wakati wa chakula Fundi alisukuma sahani katikati. Dereva alikula. Siku moja, sahani ikiwa bado ina maharage, Fundi alimwuliza kwa sauti ya chini alisikia nini kabla ya Kuluba, siku zote zile.

Dereva alitafuna kwanza. Kisha akaeleza. Alisema mlio haukuisha hata siku moja, ulijificha tu chini ya oili nzito. Ulikuwa unakuja kilimani na kupotea mteremkoni. Taa nyekundu ya oili ilikuwa inapepesa injini ikipata moto. Alitaka kusema tangu siku ile gerejini, lakini Fundi wa Chuma alikuwa amekwisha kusema ni valvu, na yeye ni nani wa kumrekebisha. Fundi alisikiliza yote. Hakujitetea. Tangu siku hiyo, gari likiingia uwanjani, aliendelea kusimama na kuinamisha kichwa, lakini baada ya hapo alimwendea dereva kabla ya kugusa chochote, akamwuliza: wewe unasikia nini?

Konrodi na pistoni walizipata Logiri. Dereva alikumbuka kwamba nyuma ya nyumba ya mzee mmoja wa kwao kulikuwa na pikapu iliyokufa, yenye injini kama ile, na kuku walitaga mayai chini ya boneti yake. Mzee hakutaka kuiuza, alisema kuku wamezoea. Fundi alimjengea banda jipya la kuku, zuri, lenye mlango wa bawaba, na kuku walipokubali kuhamia, mzee alikubali pia. Fundi alirudi na vyuma hivyo juu ya baiskeli, amevifunga kwenye gunia kama anayebeba mtoto.

Ule ufa uliotoka kwenye tundu la injini ulikuwa unaendelea kutambaa ubavuni. Fundi alinionyesha jinsi unavyosimamishwa: alitoboa kitundu kidogo kwa keekee hasa pale ufa unapoishia, na ufa ukifika hapo hauna njia tena. Kwenye tundu lenyewe alifua bamba la jembe la zamani mpaka likakaa kama ngozi juu ya mbavu, akalikaza kwa skrubu pande zote, katikati akaweka ngozi ya ng'ombe iliyolowekwa oili. Hizo boliti na skrubu zote zilitoka kwenye makopo yake. Hakulalamika hata kwa moja.

Kazi ya krenki, ule mhimili mzito wa chuma unaozungushwa na mikono ya pistoni, ndiyo ilikuwa ngumu. Pale ilipokaa beringi iliyokufa, chuma kilikuwa kimechanika mikwaruzo. Mashine ya kukinoa ilikuwa Kampala, na Kampala ilikuwa mbali kwa kila namna. Aliamua kukisugua kwa mkono. Karatasi ya msasa ilikuwa inakatika, basi alipita kwenye tundu la ua na kuniuliza kama ninaweza kuishonea mgongo. Nilikata ukanda wa turubai, nikaushona na msasa pamoja kwa uzi wa viatu, mishono miwili. Wakauzungusha kwenye krenki, Fundi ameshika ncha moja, dereva ncha ya pili, wakawa wanavuta huku na huku, polepole, kama watu wawili wanaokata gogo kwa msumeno. Waligeuza, wakapima, wakavuta tena. Ukanda ulipoisha nilishona mwingine. Siku nzima nilisikia sauti hiyo, shwaa, shwaa, na kati yake nikaanza kusikia mazungumzo. Walikuwa wanazungumza kuhusu mvua, na kuhusu kuku wa yule mzee.

Mama Mkongo alirudi na vumbi hadi kwenye nyusi. Alikuwa amefika Bunia. Beringi zilikuwa katikati ya bunda la vitenge, zimeviringishwa ndani ya kitambaa chenye picha za ndege, na alizitoa kwa Fundi bila kicheko, akimtazama usoni. Fundi alizipokea kwa mikono miwili. Aliweka kipande cha waya laini wa risasi kati ya beringi na krenki, akakaza, akafungua, akatazama waya umebanwa kiasi gani. Hakuridhika. Wakasugua tena. Mama Mkongo alitaka kujua ni lini. Fundi alimjibu kwamba akimwambia siku atakuwa anamdanganya, na alishamdanganya mara moja. Mama Mkongo aliketi juu ya tairi, akachukua muhogo, akasema atangoja.

Siku ya kuiwasha tulikuwa wachache tu, kwa maana Fundi hakutaka watu. Injini ilizunguka, ikakohoa, ikanyamaza. Ikazunguka tena, ikanyamaza. Fundi alifuta jasho, akatazama waya za plagi, akacheka peke yake. Alikuwa amezipanga vibaya, mbili zimebadilishana mahali. Alisema tena kosa ni lake, lakini safari hii kwa wepesi, kama mtu anayesema amemwaga maji. Mara ya tatu iliwaka. Moshi wa buluu ulijaa uwanjani, kisha ukapungua, ukaisha. Injini ilikuwa inanguruma chini kwa chini, na hapakuwa na mtu anayebisha mlango.

Fundi alichukua ile bisibisi ndefu, akaiweka kwenye injini, akasikiliza. Tukamtazama. Akaitoa kwenye sikio lake akampa dereva. Dereva aliisogeza sikioni, akafumba macho. Akakaa hivyo mpaka Mama Mkongo akashika kilemba kwa wasiwasi.

"Iko safi," dereva akasema.

"Kweli?"

"Kweli, Fundi. Iko safi."

Hapo Mama Mkongo alicheka, na nadhani walimsikia hadi Arua Hill.

Safari ya kwanza Fundi alikwenda nao, jambo ambalo hakulifanya kwa gari jingine lolote. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma na vitambaa vyangu. Langoni Koboko yule koplo alitoka barabarani, akainua mkono, kombi ikasimama. Alizunguka mbele, akainamisha kichwa upande, akasikiliza, wala sijui alitarajia kusikia nini. Kisha akauliza kama kuna nafasi hadi Kuluba, mama yake anaumwa. Fundi aliondoka kiti cha mbele, akaja nyuma kwetu. Koplo aliketi kando ya jiko lile, bunduki katikati ya magoti, na tulipopita pale kilimani alikuwa amesinzia.

Kombi ile ilitembea miaka. Kuna watoto waliozaliwa ndani yake. Na Fundi, ambaye nilidhani atapoteza wateja, alipata zaidi. Baadhi walikuja kwa sababu ya ufundi wa bamba lile, lakini wengi waliniambia kibarazani kwangu kwamba wamekuja kwa sababu wamesikia huyu ni mtu anayesema asipojua. Ulimi wake ulibaki mkali. Kuimba kwake hakukupona. Wakimsifu aliwakatalia kwa mkono tena, kama zamani, na nilipomwuliza mara moja kama siku ile Koboko aliogopa, alisema aliogopa sana, ila aliogopa zaidi kurudi gerejini na kukaa na beringi ile peke yake.

Kisha vita vikatufikia. Mji ulihama kwa siku chache, kila nyumba na njia yake. Mimi nilivuka kuingia Kongo na cherehani kichwani. Fundi sikumwona akiondoka. Nilipochungulia kwenye tundu la ua, uwanja ulikuwa mtupu.

Nilimkuta miezi mingi baadaye, mwaka huo huo, katika kijiji cha wakimbizi ng'ambo ya mpaka. Nilikuwa nimetoka sokoni na mzigo wa mtama, nikaona mtu mrefu amesimama mbele ya miti iliyochimbiwa chini, udongo mikononi hadi viwikoni. Alikuwa ameoa. Mkewe, mjane mwenye watoto wawili, alikuwa anakanyaga udongo shimoni, na Fundi alinitambulisha kwake kwa fahari iliyomfanya aonekane kijana. Walikuwa wanajenga nyumba. Hakuwa amejenga nyumba ya miti na udongo maishani mwake, na ukuta wa kwanza ulikuwa tayari umesimama, fito zimefungwa, nusu yake imekandikwa. Aliniuliza nauonaje.

Niliutazama. Ningeweza kumsifu, tulikuwa wageni sote, na mkewe alikuwa ananitazama. Lakini huyu alikuwa mtu niliyemjua.

"Unainama, Fundi," nikasema. "Upande wa barabara."

Alikuja akasimama hasa pale niliposimama, bega kwa bega nami, akatazama kwa muda. Mkewe aliacha kukanyaga.

"Kweli," akasema. "Unainama."

Akaenda akashika nguzo ya pembeni kwa mikono miwili, akaanza kuing'oa, na udongo mbichi ukawa unamwangukia miguuni. Alikuwa anacheka. Nilitua mtama wangu chini, nikakunja mikono ya gauni, nikaenda kushika nguzo ya pili.